PICHA YA SIMU YAKO NI MALI YA NANI?



Zamani kupiga picha kulikuwa jambo la sikukuu. Mtu alivaa nguo safi, akaenda studio mjini Busia au Tororo, akasimama mbele ya pazia lenye maua, akalipa, kisha akangoja siku kadhaa mpaka filamu ioshwe. Siku hizi mambo yamegeuka. Mkata miwa ana simu mfukoni, mbebaji wa mifuko ya simiti anayo, na mama wa palizi anayo. Ajali ikitokea kazini, picha zimekwisha pigwa kabla nyapara hajafika, na kabla jua halijatua zimevuka mpaka na kuonekana Nairobi, Kampala na hata Ulaya.

Katika mikutano yetu huku Bulumbi maswali juu ya picha hizi yanazidi kuwa mengi. Makubwa ni matatu. La kwanza: nimepiga picha, nikaiweka mtandaoni, gazeti likaichukua bila kuniuliza, je, nina haki yoyote? La pili: kampuni imeitia sura yangu kwenye kalenda au bango la biashara, je, ilipaswa kuniomba ruhusa? La tatu: nyapara anasema kila picha iliyopigwa ndani ya kiwanda ni mali ya kiwanda, je, ni kweli?

Haya si maswali ya wasomi peke yao. Picha huuza bidhaa, huuza magazeti, na huweza kushinda kesi ya fidia. Kitu chenye thamani namna hiyo, mfanyakazi akikitupa bila kujua, wengine watakiokota. Kwa hiyo tumeona yafaa kulieleza jambo hili pole pole, hatua kwa hatua.

PICHA NI KAZI YA MIKONO YAKO

Sheria inayolinda kazi za ubunifu huitwa sheria ya hakimiliki. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na Uganda ina Sheria ya Hakimiliki na Haki Shirikishi ya mwaka 2006. Sheria zote mbili zinaitaja picha ya kamera miongoni mwa kazi zinazolindwa, pamoja na vitabu, nyimbo na michoro.

Sheria haiulizi kama aliyepiga ana cheti cha shule, wala kama kamera yake ni ya bei kubwa. Picha iliyopigwa kwa simu ya mitumba na kibarua wa shambani inalindwa sawa na ya mpiga picha wa gazeti kubwa. Tena haki hiyo inaanza pale pale picha inapopigwa. Si lazima uandikishe mahali popote. Kenya kuna Bodi ya Hakimiliki, na Uganda kuna Idara ya Usajili inayojulikana kama URSB, ambako mtu anaweza kuandikisha kazi yake ili apate ushahidi zaidi. Lakini asiyeandikisha hapotezi haki yake.

Mwenye hakimiliki ndiye mwenye uwezo wa kuruhusu au kukataza picha yake isitolewe nakala, isiuzwe, isichapishwe, isigeuzwe. Ana haki pia ya kutajwa jina kwamba yeye ndiye aliyeipiga. Kwa hesabu ya Kenya, haki hii hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka picha ilipopigwa au ilipotolewa kwa watu. Picha iliyopigwa na kutolewa mwaka 2024 italindwa mpaka mwisho wa mwaka 2074. Uganda nayo hesabu ni miaka 50. Maana yake ni kwamba watoto wako wanaweza kuirithi.

Jambo moja lieleweke. Unachomiliki ni picha, si tukio. Ukipiga picha ya trela la miwa lililopinduka, mwenzako aliyesimama karibu nawe anaweza kupiga yake, na hiyo ni mali yake. Lakini hawezi kuichukua yako na kusema ni yake.

ALIYEPIGA NA ALIYEPIGWA

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganyikiwa. Katika picha moja mna haki mbili. Aliyepiga ana hakimiliki. Aliyepigwa ana haki juu ya sura yake. Kupata ruhusa ya mmoja si kupata ruhusa ya mwingine.

Mfano mzuri ulitoka mbali. Mwaka 2007 kampuni ya simu ya Virgin Mobile huko Australia ilichukua picha ya msichana wa Marekani kutoka mtandao wa Flickr, ikaibandika kwenye matangazo yake. Aliyepiga picha hiyo alikuwa ameiweka mtandaoni kwa leseni inayoruhusu mtu yeyote kuitumia, hata kwa biashara, mradi amtaje. Basi kwa upande wa hakimiliki mlango ulikuwa wazi. Lakini msichana mwenyewe hakuulizwa na mtu. Jamaa zake walikwenda mahakamani Texas, na mwaka 2009 mahakama ikasema haina mamlaka juu ya kampuni hiyo ya Australia. Hapo tunapata mafunzo mawili: ruhusa ya mpiga picha haitoshi, na haki iliyovuka mpaka ni ngumu kuifuata.

Huku kwetu haki ya sura imeanza kupata nguvu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya kila mtu, na katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inafanya hivyo katika kifungu cha 27. Mwaka 2019 nchi zote mbili zilitunga sheria za kulinda habari za mtu binafsi, na sura yako ni moja ya habari hizo. Sheria ya Kenya inakataza mtu kutumia habari zako kwa biashara bila wewe kukubali waziwazi. Ukikubali leo, una haki ya kubadili nia kesho. Kuhusu mtoto, ni lazima mzazi au mlezi akubali.

Sheria hiyo haikukaa kabatini. Mwezi wa Septemba 2023 Kamishna wa Kulinda Data wa Kenya aliitoza baa moja ya Nairobi, Casa Vera Lounge, faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila idhini yake. Shule moja, Roma School, ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Kabla ya hapo kampuni ya simu ya Oppo ilitozwa shilingi milioni 5 katika shauri lililotokana na picha ya mtu iliyowekwa Instagram.

Uganda nayo, katika kesi iliyofunguliwa mwaka 2013, mwanamke mmoja aliishtaki benki pamoja na kampuni ya matangazo kwa kutumia sura yake. Mahakama Kuu ilieleza mambo matatu ya kuthibitisha: kwamba mtu anatambulikana katika picha, kwamba mshtakiwa alifanya kwa kukusudia, na kwamba alifanya hivyo ili apate faida ya biashara. Yashikeni mambo hayo matatu, ndugu, kwa maana ndiyo mizani.

Basi jibu la swali la pili ni hili. Mfanyakazi aliuza kazi yake, hakuuza uso wake. Mshahara wa kukata miwa ni wa kukata miwa. Kampuni ikitaka uso wako uuze sukari au simiti, ije ikuombe, ieleze itautumia wapi na kwa muda gani, na malipo yazungumzwe. Kukaa kimya wakati kamera inapita si sahihi.

KAMPUNI IKIDAI PICHA NI YAKE

Sasa tuje kwa yule nyapara. Sheria za nchi zote mbili zinasema kwamba kazi iliyofanywa na mwajiriwa katika shughuli aliyoajiriwa kuifanya huwa mali ya mwajiri, isipokuwa kama kuna mapatano mengine. Kwa hiyo karani aliyeajiriwa kupiga picha za kampuni, picha zake ni za kampuni. Lakini mkata miwa hakuajiriwa kupiga picha. Akitoa simu yake wakati wa chakula na kupiga picha ya choo kilichofurika, kazi hiyo haikuwa ya mwajiri. Picha ni yake.

Lakini tahadhari, ndugu. Kumiliki picha ni jambo moja, na kuruhusiwa kupiga picha mahali fulani ni jambo jingine. Kama kanuni za kiwanda zinakataza simu karibu na mitambo, unaweza kupewa barua ya onyo ingawa picha ni mali yako. Tena mkono wenye simu si mkono unaoshika usukani wala kisu. Someni mikataba na kanuni kabla ya kutia sahihi, na mkiona kifungu kinachosema kila picha ni mali ya kampuni, mleteni mwakilishi wenu akisome kwanza. Kifungu kama hicho ni cha kujadiliwa mezani, kama vile mshahara unavyojadiliwa.

Kanuni hiyo ya mwajiri ina ndugu yake anayewahusu wenye studio. Ukimwita mpiga picha arusini ukamlipa, sheria zote mbili husema hakimiliki ni yako wewe uliyeagiza, isipokuwa kama mmepatana vingine. Akitaka kuzibandika picha za bibi arusi ukutani kwake au mtandaoni ili kuvuta wateja, aombe kwanza.

UKIIWEKA MTANDAONI UMEIUZA?

Wengi huamini kwamba kitu kikishafika Facebook au WhatsApp ni cha kila mtu. Hapana. Masharti ya Facebook yenyewe yanasema mali inabaki kuwa yako. Unachotoa ni leseni, yaani ruhusa: unairuhusu kampuni hiyo kuionyesha, kuitolea nakala na kuisambaza picha yako duniani kote bila kukulipa, na kuwaruhusu wengine anaoshirikiana nao. Ruhusa hiyo huisha picha inapofutwa kwenye mitambo yao. WhatsApp nayo, ambayo ni mali ya kampuni hiyo hiyo ya Meta, huchukua ruhusa kwa ajili ya kuendesha huduma yake.

Angalieni vizuri: ruhusa hiyo imepewa kampuni ya mtandao. Haikupewa gazeti, wala mwanasiasa, wala duka la jirani. Anayeandika chini ya picha "Kwa hisani ya mtandao" au "Picha: Facebook" hajamshukuru mwenye mali, wala hajapewa ruhusa na mtu. Ni sawa na mtu aliyechukua kuku sokoni na kusema "Kwa hisani ya soko."

Jambo hili limepimwa mahakamani. Tarehe 12 Januari 2010 tetemeko kubwa la ardhi liliipiga Haiti. Mpiga picha wa huko, Daniel Morel, alipiga picha za maafa siku ile ile na kuzituma kwenye mtandao. Mtu mwingine akazichukua na kuzionyesha kama zake. Shirika la habari la Ufaransa, AFP, likazipokea kutoka kwake, na zikasambazwa duniani pia kupitia shirika la Getty. AFP ilijitetea kwamba masharti ya mtandao yaliruhusu. Jaji wa New York alikataa hoja hiyo mwezi wa Januari 2013, na mwezi wa Novemba mwaka huo baraza la mahakama likaamua Morel alipwe dola milioni 1.2. Alikuwa mtu mmoja mbele ya mashirika mawili makubwa, lakini alikuwa na picha zake za asili, naye alishikilia jambo lake kwa karibu miaka minne.

LESENI NI NINI?

Leseni ni sawa na kumkodishia mtu shamba. Shamba linabaki lako, yeye analima kwa masharti. Unaweza kusema: chapisha mara moja tu, au tumia mwaka mmoja, au tumia Uganda tu, au taja jina langu, au usiikate wala kuigeuza.

Kuhamisha mali yote ni kuuza shamba lenyewe. Sheria ya Kenya inasema mauzo ya namna hiyo, pamoja na leseni ya kumpa mtu mmoja peke yake, lazima yaandikwe. Ruhusa ndogo inaweza kuwa ya mdomo, na hapo ndipo ugomvi unapoanza, maana maneno hayana ushahidi. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Zipo pia leseni za wazi ziitwazo Creative Commons, zilizotolewa kwanza mwaka 2002. Nyingine humtaka mtumiaji amtaje mwenye kazi tu, nyingine hukataza biashara, nyingine hukataza kuigeuza kazi. Ni nzuri kwa mtu anayetaka picha ya mgomo au ya mkutano isambae bure kwa faida ya wote. Lakini ukishaitoa picha kwa leseni hiyo, aliyeipata kwa masharti hayo huwezi kumnyang'anya. Fikiri kwanza.

MPAKA MMOJA, SHERIA MBILI

Sisi wa Bulumbi tuna jambo letu. Mtu analala Uganda, ana jamaa Kenya, na picha yake inavuka kituo cha mpaka cha Busia bila kuonyesha kitambulisho. Je, haki yake inakomea kwenye geti? Haikomei. Nchi zote mbili ni wanachama wa Shirika la Biashara Duniani, WTO, tangu mwaka 1995, na Kenya iliingia Mapatano ya Berne ya hakimiliki mwaka 1993. Uganda ikafuata mwaka 2022. Chini ya mapatano haya, kila nchi humlinda mwenye kazi wa nchi nyingine kama inavyomlinda wa kwake. Gazeti la Nairobi haliwezi kusema picha ni ya Mganda hivyo ni ya bure. Lakini kesi hufuatwa kwa sheria ya mahali kosa lilipotendeka, na nauli ya wakili si ndogo. Ndiyo sababu barua ya chama mapema ni bora kuliko kesi baadaye.

PICHA YA AJALI NA USHAHIDI

Linalotugusa zaidi ni picha za watu walioumia kazini. Picha ya mashine isiyo na kinga inaweza kumpatia mjane fidia. Hakimiliki haizuii picha kutumika mahakamani. Sheria za nchi zote mbili zimeacha mlango huo wazi. Kwa hiyo mtu asikunyime picha mbele ya hakimu kwa kisingizio cha hakimiliki.

Lakini itunze ile ya asili ndani ya simu. Ukiituma kwa WhatsApp kama picha ya kawaida hupunguzwa, na habari za saa na mahali zilizofichwa ndani yake hupotea. Mahakama za Kenya hutaka pia cheti kinachoeleza picha ilitoka katika chombo gani na kwa njia gani. Simu ikiuzwa au ikifutwa, cheti kitaandikwa kwa nini?

Na zaidi ya sheria kuna utu. Usiuonyeshe uso wa majeruhi wala wa maiti mtandaoni kabla jamaa hawajajua. Si jambo jema mama kupata habari za mwanawe kwenye simu ya jirani. Mpe mwakilishi wa chama picha hiyo, mkaguzi wa kazi aione, mahakama iione. Wengine hawana haraka.

LA KUFANYA

1. Tunza picha ya asili, usiifute. Andika daftarini tarehe, saa na mahali.

2. Kabla ya kuiweka mahali pa watu wote, jiulize ni nani anaonekana, na kama amekubali.

3. Ukikuta picha yako imetumika bila ruhusa, usitukane. Kwanza chukua ushahidi: nunua gazeti, piga picha ya bango, hifadhi ukurasa wa mtandao pamoja na tarehe.

4. Andika barua kupitia tawi. Eleza kwamba picha ni yako, taja ilipotumika, dai jina lako litajwe, picha iondolewe au malipo yafanywe.

5. Kama ni sura yako iliyotumika Kenya, peleka malalamiko kwa Kamishna wa Kulinda Data. Sheria inamtaka amalize uchunguzi katika siku 90. Uganda iko ofisi ya namna hiyo kwa sheria ya mwaka 2019.

6. Kampuni ikija na kamera, msikubali mmoja mmoja. Mwakilishi adai karatasi.

Karatasi yenyewe haihitaji maneno makubwa. Hii yatosha:

"Mimi (jina) ninairuhusu (jina la kampuni) kutumia picha yangu iliyopigwa tarehe (siku, mwezi, mwaka) kwa (kalenda, bango au mtandao) peke yake, kwa muda wa (miezi), katika nchi ya (jina la nchi), kwa malipo ya shilingi (kiasi). Haitatumika kwa jambo lingine bila ruhusa mpya ya maandishi."

Watie sahihi wote wawili, shahidi atie yake, na kila mmoja abaki na nakala.

Gazeti hili nalo limo chini ya kanuni hiyo hiyo. Hatuwezi kumdai mwajiri haki tusiyoitoa sisi wenyewe. Mwanachama akituletea picha, jina lake litaandikwa chini yake, isipokuwa kama ataomba lifichwe kwa usalama wake. Na waliomo wataulizwa.

Ndugu, babu zetu katika mashamba haya walipigwa picha nyingi wakiwa wameinama na mizigo, na majina yao hayakuandikwa popote. Sisi tuna kamera mikononi, na sheria imetupa jina juu ya kazi yetu. Lakini kidole kimoja hakivunji chawa. Mwenye swali au mwenye picha iliyochukuliwa na aje tawini na simu yake na daftari lake, tuanze na barua.

Umoja ni nguvu.